Mbegu Haziliwi

Kuna picha moja inaniudhi kila ukame ukiingia kwa habari. Mnaijua. Ardhi imepasuka, mzoga wa ng'ombe umelala kando, mama mzee ameshika tama anaangalia mbali, na chini yake wameandika ati wananchi wanangoja msaada. Sisemi ni uongo, mizoga ilikuwepo na msaada tuliungoja, lakini mimi ni mtoto wa wakulima wa Makueni, Ukambani hapa Kenya, upande wa chini ule wa Kathonzweni, na ile miaka yote ya kiangazi kutoka mwisho wa 2020 hadi Machi 2023 sikuwahi kumpata mama yangu ameshika tama. Hiyo nafasi angeitoa wapi? Kama hakuwa mtoni anachota maji basi alikuwa nyumbani anazozana na baba kuhusu mbegu.

Na hizo mbegu ndizo nataka kuongelea, manake nikisikia watu wakisema familia fulani "ilivumilia kwa matumaini" huwa naona ni kama wanasema kitu cha kukaa na kuomba na kungoja. Kwetu matumaini yalikuwa na uzito, yalipimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, yakawekwa kwa debe na kufunikwa, na kila msimu lazima mtu aamue kama yataliwa ama yatazikwa kwa vumbi.

Nieleze misimu yetu kwanza sababu watu wengi huikosea. Huko juu wakisema mvua ya kulima wanamaanisha ile ya Machi hadi Mei. Ukambani mvua ya kutegemea ni ya vuli, Oktoba hadi Disemba, hiyo ya Machi ni ya kubahatisha tu, ikija vizuri sawa, isipokuja unasonga. Kwa hivyo vuli ikikosa hujakosa miezi mitatu, umekosa mwaka. Sasa vuli ya 2020 ikakosa. Machi 2021 ikakosa. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa, nyumbani wakasema haya, angalau sasa tunajulikana. Vuli ya mwaka huo ikanyesha kidogo, mahindi yakafika magotini yakakunja majani. Machi hadi Mei 2022 ndiyo ikawa balaa yenyewe. Halafu vuli ya 2022, nayo pia. Misimu mitano ikifuatana, kitu ambacho wataalamu wa hali ya hewa walisema hakijaonekana hapa kwetu kwa angalau miaka 40.

Kila mmoja wa hiyo misimu mitano, wazee wangu walipanda. Na walipanda kabla ya mvua.

Hii ndiyo sehemu mtu wa mjini haelewi. Kwetu hatungoji mvua inyeshe ndio tupande, tunapanda kavu, Oktoba ikifika katikati na udongo bado ni vumbi tupu, ili lile tone la kwanza likidondoka mbegu liikute tayari. Mvua yetu ni ya wiki chache, ukichelewa kuingia shambani umeshapoteza msimu. Basi baba anashika plau, mtoto anatangulia na kuongoza ng'ombe, mama anafuata nyuma na bakuli anaangusha mbegu kwa mfereji na kufunika kwa mguu huku anatembea, na vumbi linapanda mpaka ukiwa nyuma huwaoni ng'ombe, unaona ncha za pembe na kofia ya baba. Jioni mkioga, hayo maji machache mliyogawiwa yanageuka rangi ya chai.

Halafu mnangoja. Na mkiwa mnangoja kanga wanakuja kufukua, kindi wanakuja, mchwa nao wako. Lakini adui mkubwa si hao, ni mvua ya uongo. Inanyesha usiku mmoja, inanyesha vizuri kabisa, asubuhi kila mtu ana tabasamu, simu za watoto walio Nairobi na Mombasa zinalia, "kumenyesha?", "kumenyesha sana!", siku chache shamba limeota kijani, halafu jua linafungua na halifungi tena. Zile mbegu zingebaki kavu udongoni labda zingengoja. Lakini zimeshaota, zimeshajitoa, na mbegu iliyoota ikafa hairudi kwa debe. Hivyo ndivyo msimu mmoja unavyokula akiba ya msimu mwingine, na ukifika msimu wa nne watu wanahesabu punje.

Mama aliweka mbegu kwa njia mbili. Mahindi, yale mazuri yenye magunzi yamejaa, aliyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni juu ya meko, moshi unayakausha na dumuzi hawasogei. Pojo na kunde alizichanganya na majivu kwenye debe la mafuta ya kupikia, akafunika na kuweka chini ya kitanda chake mwenyewe, si stoo. Sheria ilikuwa moja tu, mbegu haziliwi. Hata kama jana mmelala na uji. Hata kama mgeni amekuja.

Jioni moja mwaka wa 2022 kitinda mimba wetu alishindwa. Alikuwa ametoka shule, sufuria lilikuwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa kuonja tu na huo ulikuwa wa watu wote, akapanda kiti akashusha mahindi mawili pale juu ya meko akayachoma nyuma ya nyumba. Yalikuwa makavu kama kokoto, sijui hata aliyatafunaje. Mama akarudi na mtungi mgongoni akasikia harufu kabla hajautua. Hakumchapa. Alichukua magunzi akayageuza geuza, akamuuliza, "Unajua umekula nini?" Kijana kimya. Akamwonyesha kwa mkono shambani, "Umekula mstari mzima, kutoka pale kwa mwembe mpaka kwa lango." Halafu akaingia ndani akampakulia sehemu yake ya muthokoi kama wengine, na yeye mwenyewe sijamwona akila usiku ule.

Nilikuwa nimeenda nyumbani wikendi hiyo ndio maana nasimulia. Mimi nafanya kazi Nairobi, kazi yangu katika hii hadithi ilikuwa kutuma pesa.

Sasa vita ya baba na mama. Baba ni mtu wa mahindi. Katumani hasa, ile aina ya muda mfupi iliyotolewa kwa kituo cha utafiti cha Katumani pale Machakos miaka ya 1960, inakomaa kwa kitu kama miezi mitatu, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa sayansi. Mama alitaka pojo zaidi, na kunde, na kipande cha mtama. Pojo ikipata mvua ya wiki chache tu inakupa kitu, inakomaa karibu miezi miwili na inauzika. Baba anasema pojo ni pesa na pesa hailiwi ugali, mtama ni chakula cha ndege. Wataalamu wamekuja kwa baraza za chifu mara nyingi kutuambia tuachane na mahindi, na mimi nilikuwa upande wao, nikaona mzee ni mkaidi tu. Lakini kuna kitu hao wa baraza huwa hawasemi. Mtama ukianza kuweka punje, kwelea wanakuja kwa wingu, asubuhi kabla jua halijatoka mpaka jioni, na lazima mtu awe shambani anapiga debe na kurusha mawe siku yote kwa wiki kadhaa. Zamani ilikuwa kazi ya watoto. Sasa watoto wako shule, vijana wako Nairobi wanatuma pesa, nani atafukuza ndege, mzee wa miaka sabini? Kwa hivyo ule ukaidi wa baba ulikuwa na hesabu zake ndani, ingawa hakuwahi kuzisema hivyo, yeye alisema tu mtama unamkwaruza koo.

Mifugo nayo. Tulianza kiangazi na ng'ombe, tukamaliza na fahali mmoja, punda na mbuzi wachache wa kukonda. Wengine waliuzwa, na ukame ukikolea hakuna kuuza, kuna kutupa. Broka anajua huna nyasi, anajua huna maji, anazunguka ng'ombe anambonyeza mbavu na kutaja bei ya mbuzi, na asiporudi wiki ijayo ng'ombe atakuwa amelala chini hata hiyo bei hupati. Nikiwa Nairobi napita Barabara ya Muindi Mbingu karibu kila siku na nafikiri ni watu wachache sana wanaopita pale wanajua ni nani. Mwaka wa 1938 serikali ya mkoloni ilikuwa inachukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ati ni wengi wanaharibu ardhi, inawauza kwa bei ya kutupa na kiwanda cha nyama cha Athi River kinangoja, Muindi Mbingu akaongoza watu kutoka Machakos wakatembea mpaka Nairobi kulalamika kwa gavana. Serikali ililegea, ng'ombe wakarudishwa, lakini yeye alikamatwa akapelekwa Lamu. Sasa ukame ukifanya kazi ileile, ukakuchukulia ng'ombe kwa bei ileile ya kutupa, utaandamana kwenda kwa nani?

Fahali wa pili baba alikataa kabisa kumuuza. Walizozana usiku mzima, mama akisema huyu akiuzwa tunapata unga wa mwezi, baba akisema huyu akiuzwa hatulimi, na tusipolima unga wa mwezi mwingine utatoka wapi. Yule fahali alikufa mwenyewe wiki chache baadaye, hata nyama ya maana hakuwa nayo. Msimu uliofuata plau ilivutwa na fahali aliyebaki na punda, na kama hujawahi kuona ng'ombe na punda wakilima pamoja basi ujue mmoja anaenda na mwingine anafikiria.

Na punda huyo huyo ndiye wa maji. Tuna bahati mto wetu wa msimu una bwawa la mchanga, ukuta wa zege uliojengwa na kikundi cha mwethya, yaani majirani wanaofanya kazi kwa kusaidiana, wengi wakiwa akina mama, wamebeba mawe na maji ya kuchanganya simiti kwa migongo yao. Mtu asiyejua akiuona ukuta huo atasema mradi umekufa, nyuma yake hakuna maji, kumejaa mchanga mpaka juu. Kumbe maji yako ndani. Mafuriko yakipita yanaleta mchanga, mchanga unatua nyuma ya ukuta na katikati ya punje zake maji yanabaki, wanasema inaweza kufika hata asilimia 40 ya ujazo wote, na jua haliyafikii, ng'ombe hayakojolei. Ndiyo maana malori ya mchanga yanayokuja usiku kuchota kwa ajili ya majumba ya mjini yanatuuma sana, mpaka kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya mchanga mwaka wa 2015. Huyo mtu amebeba tanki letu akaenda kulipiga plasta.

Lakini hata bwawa la mchanga huishiwa. Kufikia katikati ya 2022 mashimo yalikuwa marefu kuliko mtu. Mama anashuka ndani kwa vidaraja alivyochonga kwa kando, anakaa chini kabisa, anakwangua mchanga mweupe uliolowa na kikombe cha plastiki kilichokatwa mdomo, halafu anangoja. Maji yanatoka taratibu, kikombe nusu, anamimina kwa ndoo, anangoja tena. Juu kuna mtu anavuta ndoo kwa kamba na kuna foleni ya mitungi ya kijiji kizima, na pale ndipo habari zote zilisikika, nani ameuza nini, mtoto wa nani ameacha shule, wapi wanatoa maharagwe. Vicheko pia vilikuwepo, tena vingi. Sijui kwa nini hizo kamera huwa hazifiki wakati watu wanacheka.

Susu yangu, mama ya baba, ameona njaa nyingi na kwetu kila njaa ina jina. Ile ya 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, pesa iko mkononi na dukani hakuna kitu, mpaka ikaja mahindi ya njano kutoka ng'ambo ambayo wazee mpaka leo wakiyataja wanakunja uso. Susu alikuwa akisema hii yetu ni ile ile imegeuzwa nje ndani. Duka limejaa. Unga upo, mafuta yapo, mchele wa Pakistani upo. Mwaka wa 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, vita vya Ukraine vimeanza, mbolea imepanda, na Julai serikali ikashusha unga hadi mia moja, ule wa mia moja kijijini kwetu tuliusikia kwa redio. Ukame wa siku hizi hauji na rafu tupu. Unaweza kusimama mbele ya duka lililojaa ukarudi nyumbani na chumvi.

Ndio maana simu zetu zikawa mto wa pili. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tunatuma kila mwisho wa mwezi, na Oktoba 2022 nikatuma pesa ya unga, nikasema kabisa hii ni ya unga. Baba akanunua mbegu. Za dukani, za pakiti, bei yake ninyi mnaijua. Nikapiga simu nikiwa nimewaka, nikamwambia mzee, ICPAC, kile kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha ukanda wetu, wametabiri msimu huu utakosa pia, idara ya hali ya hewa imesema, redio ya Kikamba mnayoisikiliza kutwa imesema, sasa mbegu za nini? Akaninyamazia kwanza. Halafu akasema, "Kijana, unga ungeisha Jumapili." Basi. Nikakosa la kusema, na ninyi nadhani mngekosa.

Ningependa kuwaambia mvua ilikuja ikamthibitishia. Haikuja. Utabiri ulikuwa sawa, zile mbegu za pakiti ziliungua zote, msimu wa tano, na mama hakusema nilikwambia ingawa alikuwa na haki. Alichofanya, na hili nilikuja kulijua baadaye, ni kwamba msimu ule alitoa kwa debe nusu tu ya zile za kupanda, akampa baba akasema zimeisha. Debe halikuwa limeisha.

Kwa nini mvua ilikataa muda wote huo nimesoma sana, kukosa usingizi kuna faida zake. La Niña, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupoa katikati, ilikaa miaka mitatu mfululizo, maji ya joto yakasukumwa upande wa Indonesia na Australia na mvua ikafuata huko, ndio maana 2022 sisi tukichimba mtoni mashariki ya Australia walikuwa wanaokolewa kwa maboti. Halafu kuna joto. Wanasayansi wa World Weather Attribution walisema Aprili 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame huu uwe rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi, na sababu kubwa ni kwamba jua kali zaidi linanyonya udongo na mimea haraka kuliko zamani. Baba hajasoma hiyo ripoti lakini amekuwa akisema hivyo hivyo kwa miaka, kwamba mvua ile ile iliyokuwa inatosha akiwa kijana sasa haitoshi, udongo unakauka kabla hujamaliza kupalilia.

Tarehe 14 Februari 2023 kukawa na maombi ya kitaifa ya mvua. Watu mtandaoni walicheka sana, siku ya wapendanao, na memes zikatembea. Machi ikanyesha. Shangazi yangu mpaka leo ukimwambia La Niña iliisha mwezi huo huo wa Machi anakuangalia tu kwa huruma.

Ile asubuhi baada ya mvua ya kwanza ya kweli mama alilivuta debe kutoka chini ya kitanda. Baba akaliangalia, akamwangalia mama, akaenda kutafuta plau. Kwa ndoa ya miaka arobaini na kitu nadhani hayo yalikuwa mazungumzo marefu. Walipanda pojo karibu shamba lote na mahindi kidogo upande wa mwembe, na pojo ikashika vizuri, maganda meusi mpaka tukavuna na kupura kwa fimbo kwenye turubai tulilokodi. Broka wakaja, na bei yao ilikuwa ya kuudhi kama kawaida sababu kila mtu alikuwa amevuna kwa wakati mmoja. Mama hakuuza chochote mpaka debe likajaa.

Halafu vuli ya 2023 ikaja na El Niño, kinyume cha La Niña, mvua ikawa nyingi kupita, ikapasua matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ambayo baba alikuwa ameyachimba kwa sururu katikati ya kiangazi, udongo ukiwa mgumu, majirani wakimuuliza anakinga maji gani. Matuta ya juu yalishika, ya chini yakaenda na mto. Na pojo zingine zikaozea shambani kwa unyevu, ebu fikiria.

Msimu huu baba amekubali robo eka ya mtama, kwa sharti kwamba yeye hafukuzi ndege. Mama amenipigia kuuliza kama naweza kulipa kijana wa kufukuza, anataka mia tatu kwa siku kutoka alfajiri hadi jua lizame. Nimesema mia mbili na chakula. Bado tunavutana.